Viatu Vikavu

Zilibaki siku tatu kabla ya kisomo cha mwaka, sala ya kumkumbuka marehemu. Dinah Kamande alishuka basi Kingsbury Road, mvua ikimpiga ubavuni, akajilaani kwa kusahau mwavuli mara ya pili wiki hiyo. Alikuwa njiani tangu asubuhi kutoka Thamesmead: basi, treni, treni tena, basi. Mtu akikwambia London ni mji mmoja, mcheke. Akapita duka la sari, duka la sufuria na duka la peremende za maziwa, akakunja kulia mpaka kwenye geti jeusi, akabonyeza kengele.

Balwinder Kaur alifungua mwenyewe. Alikuwa mama wa miaka sitini na sita, mtandio mweupe wa dupata kichwani, na macho ya mtu ambaye hajalala vizuri mwaka mzima.

"Karibu, Dinah. Umelowa kama kifaranga."

"Asante, mama. Ndiyo London yenu hii."

"Yetu? Mimi mtu wa Nakuru."

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao. Dinah naye ni wa Nakuru, na alikuwa CID hapohapo miaka kumi na miwili kabla ya kuja Uingereza. Siku hizi, siku nne kwa wiki aliwaogesha na kuwalisha wazee katika nyumba ya kuwatunzia. Siku zilizobaki aliwatafutia watu majibu ya maswali yao. Alivua viatu, akavipanga kwenye rafu ya mlangoni. Kwenye rafu ya chini kabisa kulikuwa na mfuko wa plastiki uliofungwa fundo. Hakuuliza kilichomo, maana alikijua.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Mumewe Balwinder, Jaswant Singh, fundi wa magari aliyejulikana Nakuru nzima, alikuwa na baba asiyemkumbuka. Baba huyo alikuwa askari kutoka Punjab, akafa vitani Italia mwaka 1944, huku Jaswant mwenyewe akilelewa Nakuru tangu uchanga kwa baba yake mdogo. Askari yule alifia karibu na Roccasera, kijiji cha kale juu ya mlima, nyumba za mawe zimebanana na vichochoro ambamo hata punda hupishana kwa adabu. Padri wa huko alichonga majina ya waliokufa, wenyeji kwa wageni, katika kikanisa cha kileleni. Mei ya mwaka jana, 1996, Jaswant alikwenda kuliona jina hilo. Alifuatana na rafiki yake wa tangu utoto, Gurmit Singh. Siku ya pili Jaswant akaanguka kutoka kwenye ukuta wa nyuma ya kikanisa. Polisi wa Italia walikuta viatu vyake juu ya ukuta, vimepangwa vizuri, wakaandika kwamba mtu huyu alijiua.

"Kaa," Balwinder alisema, akimsogezea kikombe cha chai ya maziwa na tangawizi. "Sema. Jumapili iko karibu."

"Kwanza niambie tena kuhusu asubuhi ile."

"Nimeshakwambia."

"Niambie tena, mama. Ndiyo kazi yangu, kuuliza mara mbili."

Balwinder alilitazama dirisha. "Nilikuwa sitaki aende. Miaka miwili amenyamaza, ananiambia habari za baba yake tu. Tukagombana pale mlangoni. Nikamwambia, 'Nenda. Nenda kwa wafu wako. Walio hai huwaoni.' Hakujibu. Akachukua begi lake. Ulimi hauna mfupa, Dinah. Mwaka mzima sijaingia gurudwara. Watoto wameandaa kisomo, watu watakuja kunipa pole. Kama aliruka kwa sababu yangu, sitakaa mbele yao nipokee pole. Nitakaa hapa. Kwa hiyo niambie, hata kama ni mabaya."

Dinah alifungua faili. Ripoti kamili ilikuwa ya Kiitaliano. Mpishi wa kule kazini kwake, mzaliwa wa Napoli, alimsomea mstari kwa mstari kwa ujira wa chapati nane.

"Saa tisa kamili mchana mvua ilianza," alisema, kidole kwenye karatasi. "Imeandikwa hapa, kwa sababu gari la polisi liliteleza barabarani. Saa tisa na dakika ishirini, mwanamke mmoja wa nyumba za chini alikuwa anafunga dirisha. Akamwona mzee pale juu, amenyoosha mkono mbele, kisha akamwona anaanguka. Akapiga simu. Mvua ilikatika saa kumi kasorobo. Saa kumi na robo polisi wakafika ukutani, wakapiga picha ya viatu."

"Hayo nayajua."

"Ngoja. Huyu polisi ni mtu makini, ila hakuyasoma maandishi yake mwenyewe. Anasema soli zimelowa kidogo. Viatu ndani vikavu. Soksi kavu." Dinah akainua macho. "Mama, mzee alianguka mvua ikinyesha. Kama aliviweka mwenyewe pale ukutani, vilinyeshewa dakika ishirini na tano. Vingejaa maji."

Balwinder aliweka kikombe chini polepole sana.

"Viliwekwa pale mvua ilipokatika," Dinah alisema. "Marehemu hapangi viatu vyake."

"Ni nani basi?"

"Bado sijui."

"Walikwenda wawili. Gurmit alisema alikuwa mkahawani mpaka king'ora kilipolia. Alisema hata hakukanyaga kanisani."

"Najua alichosema."

"Unataka kuniambia alisukumwa? Na Gurmit?" Sauti ya Balwinder ilipanda ikakatika. "Gurmit aliyekuja na bwana harusi siku ya harusi yangu?"

"Sijasema hivyo. Naomba taulo, mama, maji yananiingia shingoni."

Taulo zilikuwa bafuni, juu. Kila ngazi ilikuwa na utepe mweupe ukingoni. Bafuni Dinah alijikausha nywele, halafu akafungua kabati la dawa. Adabu ya kutofungua kabati za watu aliiacha CID, na hakuwahi kuirudia.

Upande wa kulia ulikuwa wa marehemu, hakuna aliyeugusa. Dawa ya meno ilikuwa imevishwa raba bendi moja. Mafuta ya ndevu, mbili. Chupa ya vidonge, tatu. Nyuma kabisa, ndani ya soksi, kulikuwa na kichupa kidogo cha dawa ya matone. Dinah alisimama pale mpaka taulo ikamponyoka mkononi. Kule kazini palikuwa na mzee mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye kila asubuhi alizihesabu raba bendi za chupa zake kwa kidole gumba kabla hajafungua kifuniko.

Alirudi chini.

"Huu utepe wa ngazi aliubandika nani?"

"Yeye. Alisema wajukuu wasianguke."

"Alikuwa anaendesha gari?"

"Aliacha. Alisema magari yamekuwa mengi. Fundi mzima, anapanda basi!"

"Gazeti?"

"Aliacha. Alisema ni uongo mtupu." Balwinder akakunja uso. "Kwa nini unauliza?"

"Mzee alikuwa akivua viatu vipi, hapo mlangoni?"

Kwa mara ya kwanza siku ile Balwinder alikaribia kucheka. "Ovyo! Kimoja huku, kingine kule, kama mtu anayetupia mbwa mawe. Miaka arobaini nimemwokotea."

Dinah aliiangalia tena picha ya polisi. Viatu vilikaa kisigino kwa kisigino, kamba zimechomekwa ndani, soksi zimekunjwa mara nne. Akaitia picha kwenye mkoba, akaaga bila kusema zaidi. Mama wa watu alikuwa amekwisha kuteseka kwa dhana za polisi mmoja, na Dinah hakutaka kumwongezea ya polisi wa pili.

Kesho yake, Ijumaa, alikwenda gurudwara, hekalu la Masingasinga. Dinah ni Mpresibiteri, kwao mtu huingia kanisani na viatu vyake vya Jumapili viking'aa kwa kiwi. Kwa Masingasinga ni kinyume: viatu hubaki chini, katika chumba cha viatu, na kuvihudumia ni ibada. Daktari na mwenye maduka wa mtaa wa Stanmore hukaa zamu hapo, wakipokea na kupangusa vumbi la watu wasiowajua. Gurmit Singh, aliyekuwa na duka la misumari na rangi Nakuru, alikuwa na miaka tisa hajakosa zamu ya asubuhi, isipokuwa siku za ile safari ya Italia. Alikuwa mzee mrefu, kilemba cha buluu, mgongo umeanza kupinda.

"Dinah! Umekuja kula? Leo kuna dengu."

"Nitakula, mzee. Kwanza pokea viatu vyangu."

Alikuwa amevaa kusudi viatu vya kamba na soksi nene. Gurmit alivichukua kwa mikono miwili. Akavifuta kwa kitambaa, juu, kisha pembeni. Akachomeka kamba ndani. Akakunja soksi mara mbili, akazikunja tena, akazitia kila moja katika kiatu chake. Akaviweka kwenye rafu kisigino kwa kisigino, akampa Dinah kibati chenye namba arobaini na nane. Hakuwa anatazama anachofanya. Mikono ilijiendea yenyewe.

Dinah aliweka picha juu ya meza.

"Na hivi ni vya nani?"

Gurmit alijifuta mikono, ingawa haikuwa na kitu. "Vya Jaswant."

"Nani alivipanga?"

"Mwenyewe."

"Mkewe anasema hakuwahi kupanga kiatu tangu amwoe."

"Mtu anapokwenda kufa hubadilika."

"Vilikuwa vikavu, mzee. Mvua ilinyesha, mtu akaanguka, mvua ikakatika, viatu vikavu. Na vimepangwa kama hivi vyangu."

Gurmit aliigeukia rafu yote ile, safu kwa safu, kamba zote zimechomekwa, soksi zote zimekunjwa. Alikaa kwenye kibao chake.

"Unadhani nilimuua?"

"Nilikuwa polisi. Nadhani kila kitu, ndiyo maana nauliza. Alikuwa bado anaona kiasi gani?"

Mzee alishtuka kama aliyepigwa kofi. "Nani amekwambia?"

"Raba bendi."

"Loo." Alijifunika uso. "Boksi zima nilimpelekea mimi. Zilibaki dukani nilipofunga."

Waumini wawili walikuja, Gurmit akainuka, akapokea viatu vyao, akawapa vibati, akarudi kukaa. Ndipo aliposema.

"Ilikuwa presha ya macho. Ilianza pembeni, ikaja ikaja, mwisho akawa anaona kama kupitia bomba. Aliniapisha nisimwambie Balwinder, kwa sababu angemzuia kusafiri. Alitaka kuliona jina la baba yake kabla bomba halijaziba. Kule kijijini alitembea ameniwekea mkono begani. Watu walidhani ni mapenzi ya wazee tu. Tukafika kikanisani kabla ya mvua. Akavua viatu. Nikamwambia, 'Jaswant, hawa hawavui.' Akasema, 'Nyumba ya Mungu ni nyumba ya Mungu, na baba yangu yumo.' Nikakiweka kidole chake juu ya jina. Akalipitia herufi kwa herufi, akarudia. Nikamwashia mshumaa. Halafu akaniambia nimwache kidogo na baba yake, niende nikanywe kahawa, yeye atanisubiri."

"Ukaenda."

"Nikaenda. Kikombe kile kidogo, dakika tano kimekwisha. Mvua ikaanza. Nikasema, aa, yuko ndani, halowi. Nikaagiza cha pili, Dinah. Mimi niliagiza kikombe cha pili."

"Na kanisa lina mlango wa nyuma."

"Liko wazi pande zote mbili, mbele kichochoro, nyuma ua na ukuta unaofika magotini. Kwa Jaswant mwanga ulikuwa mwanga tu. Aliona umetoka upande ule, akaufuata."

Dinah aliitoa ripoti, akaisoma ile sehemu kimoyomoyo. Amenyoosha mkono mbele. Polisi wa Roccasera walidhani mzee anaiaga dunia.

"Alikuwa anatafuta bega lako," alisema, na papo hapo akatamani asingelisema.

Gurmit hakuficha kilio chake. Alilia kwa sauti, mzee mzima, katikati ya viatu vya watu.

"Na viatu?" Dinah aliuliza alipoona anaweza.

"Niliposikia king'ora nilikimbia. Barabara ya chini wameifunga, sipiti. Nikapanda kanisani. Viatu vyake viko barazani mbele, kimoja huku, kingine kule, kama kawaida yake. Nikasema, rafiki yangu amelala chini na viatu vyake vimetupwa. Nikafanya kazi ninayoijua. Nikavipitisha ndani, nikaviweka ukutani, karibu naye kiasi nilichoweza. Nilidhani wataniita nivishushe. Hakuna aliyeniita."

"Halafu wakaandika kwamba alijiua."

"Karatasi ya uamuzi wao ilifika kwa Kiingereza baada ya miezi miwili. Ningesema nini? Kwamba nilimwacha kipofu juu ya mlima nikaenda kunywa kahawa?"

"Ungesema hivyohivyo!" Dinah alipandwa na hasira mpaka mtu wa mlangoni akageuka. "Mficha uchi hazai, mzee! Mitaa miwili tu kutoka kwako kuna mjane anaamini maneno yake ndiyo yaliyomrusha mumewe ukutani. Mwaka mzima hajakanyaga hapa. Ulidhani anakasirikia nini?"

"Mimi," Gurmit alisema. "Nilidhani anajua, ananikasirikia mimi."

Hasira ikamtoka Dinah yote mara moja. Alitoa daftari na kalamu. "Haya. Utayasema tena polepole, nitaandika, utatia sahihi, nami nitapeleka Italia wabadilishe karatasi yao. Mama Balwinder nimwambie mimi au utamwambia wewe?"

"Mimi," alisema mzee, akavua aproni yake.

Saa kumi jioni walikuwa Kingsbury, sebuleni. Gurmit na Balwinder walizungumza Kipunjabi, na Dinah hakuelewa neno. Alielewa uso wa Balwinder tu. Mara moja mama yule aliinuka ghafla, Dinah akadhani atampiga, lakini alikwenda mpaka kwenye ngazi, akainama, akaupapasa ule utepe mweupe kwa kiganja. Aliporudi alisema Kiswahili.

"Dinah. Wewe ndiwe shahidi. Hakuruka?"

"Hakuruka, mama. Alipotea mlango."

"Alikuwa haoni."

"Miaka miwili."

"Na mimi nikamwambia, walio hai huwaoni." Alikaa. "Nimempakulia chakula kila siku. Nikidhani amenichoka, hataki hata kunitazama. Kumbe mwenzangu alikuwa ananisikiliza." Machozi yalimtiririka bila kuyafuta. Kisha akamgeukia Gurmit. "Ningekuja nanyi. Ungeniambia tu, ningekuja, ningekaa naye. Umeninyang'anya hilo, na umeninyang'anya mwaka. Sijui kama nitakusamehe, Gurmit. Sijui. Kunywa chai."

Gurmit alikunywa chai.

Jumapili Dinah aliomba ruhusa kazini. Aliwakuta watu wamejaa gurudwara mpaka uwanjani, wa Kingsbury, wa Stanmore, hata wazee kadhaa wa Nakuru waliomwamkia kwa Kikuyu kibovu chenye upendo. Dirishani kwenye chumba cha viatu alisimama Gurmit na kitambaa chake. Balwinder alikuja, binti yake amemshika kiwiko. Alivua viatu vyake, akavitoa. Kisha akatoa mfuko wa plastiki, akahangaika na fundo lililokuwa halijafunguliwa tangu vitu virudi kutoka Italia, akaweka mbele ya mzee viatu vyeusi vya mwanamume.

"Mum, what are you doing?" binti yake alinong'ona.

"Nawe nyamaza. Baba yako amekuja kusali."

Gurmit alivipokea kwa mikono miwili. Alivifuta kwa muda mrefu, foleni ikisubiri nyuma bila mtu kunung'unika. Akavipanga kando ya vya mkewe, akatoa vibati viwili.

Kisomo kilikwisha saa saba. Watu walimpa Balwinder pole, naye alizipokea zote, moja moja, ameketi. Waliposhuka, Dinah alikuwa nyuma yake. Balwinder alirudisha kibati kimoja, akapewa viatu vyake, akavivaa. Kile cha pili alikifunga kwenye ncha ya dupata, akakaza fundo. Gurmit hakumdai, na viatu vya marehemu vikabaki rafuni.

"Anakaa kidogo na baba yake," Balwinder alimwambia. "Msubiri."

"Nitamsubiri," Gurmit alisema.